Pau Nne za Nyevu

Nyevu wa Randu alikuwa na ulimi mkali, na watu wa Ngomeni hawakumlaumu. Tangu azikwe mumewe aliishi kwa kuokota kaa na chaza mikokoni, na mikoko yenyewe alikuwa akiiona inaisha hivi hivi. Aliyeimaliza alikuwa Masha, mtu wa hapo hapo kijijini, mwenye leseni ya kukata boriti za kupeleka Arabuni. Vibarua wake walikata kila mti ulionyooka, mkubwa kwa mdogo, wakaacha tope tupu likichomwa na jua. Kaa walihama. Kila msimu Nyevu akawa anatembea mbali zaidi kutafuta kitoweo.

Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku boriti kwenda ng'ambo. Nyevu akapiga vigelegele. Lakini Masha hakutishika. Alizirundika boriti zake ufuoni, akasema marufuku hiyo haitadumu, yeye atangoja.

Masika yaliyofuata yakalaza ukuta wa nyumba ya Nyevu. Akaenda kwa Masha kwa adabu.

"Ndugu yangu, niuzie pau nne tu niegemeze nyumba."

"Hizo ni za Waarabu, Nyevu."

"Si zimekatazwa kwenda huko?"

"Zimekatazwa leo. Kesho je?"

Nyevu akachukua panga, akaingia mikokoni. Alichagua miti minne myembamba palipokuwa pamesongamana, akaikata. Alipotoka, askari wa msitu, kijana wa bara aitwaye Musembi, alikuwa anamngoja.

"Mama, mikoko inalindwa. Haikatwi bila kibali."

"Inalindwa? Hebu geuka uliangalie lile rundo!"

"Lile lina kibali, mama. Mimi natumwa tu."

Wiki nzima Nyevu alifagia uwanja wa chifu kwa adhabu, mwanamke mwenye wajukuu, watu wakipita wakimtazama. Lakini ufagio haukumchoma kama alichokisikia baadaye: pau zake alizonyang'anywa zimepelekwa kwa Masha zikawekwe, eti kwa kuwa ofisi haina banda.

Kisha lori likaja. Hoteli moja mpya ya Malindi ilitaka miti ya kujengea mapaa ya makuti, na kuuza humu nchini hakukukatazwa. Nyevu aliposikia vibarua wanapakia, alifuatana na jirani yake Kadii mpaka ufuoni, akapanda juu ya lori. Pau zake alizitambua kwa ncha zilizotafunwa na panga lake butu. Akaanza kuzivuta.

"Mwizi huyo!" Masha akapaza sauti, akamgeukia Musembi aliyekuja kukagua mzigo. "Afande, mkamate!"

Musembi alisogea, halafu akasita. "Nimkamate kwa lipi, bwana? Hivi ni vielelezo vya kesi. Nani amekuruhusu kuviuza?"

"Mimi nina kibali!"

"Kibali cha kuuza miti niliyoikata mimi?" Nyevu aliuliza kutoka juu. "Nikikata minne ni mhalifu. Wewe ukimaliza pwani nzima ni mfanyabiashara. Sheria gani hiyo, Masha? Niambie, wewe niliyecheza nawe utotoni!"

Masha akawageukia vibarua, akawaamuru wapakie zilizobaki. Kadii akazipokea pau moja moja, wakajitwika, wakaondoka nazo mchana kweupe. Hakuna aliyewazuia. Lori likaenda Malindi na zilizobaki.

Nyumba ilisimama. Musembi alihamishwa kabla ya vuli; Masha hakuguswa. Vibarua wake walipoigeukia mikoko michanga ya upande wa kaskazini, Nyevu na Kadii na wanawake wengine waliingia topeni, wakasimama katikati ya mashina, maji magotini, wakakataa kuondoka mpaka wenye mapanga wakachoka. Kipande hicho kilipona. Kwingine kote kulibaki tope, na kila alipopita hapo na kapu tupu, Nyevu alitema mate akamtaja Masha kwa jina, kwa sauti, hata mwenyewe akiwapo anasikia.