Nta kwenye Boti ya Kija

Mwaka wa tisini na tatu nilishuka Ziwa Rukwa na Vitus, fundi redio wa mtaa wa Majengo, Sumbawanga, kubadilisha taa zinazomulika majini chini ya boti ya Kija, mnunuzi wa samaki aliyebeba pia abiria. Za zamani zilikuwa zimeingia maji.

Vitus alizipachika mpya kwenye matundu ya chini ya boti, akaziba kingo kwa nta ya mishumaa. Kwetu Sumbawanga, kwa ile baridi, nta hukauka ikawa kama jiwe. Lakini boti ilishinda mchangani, na bondeni jua halina mzaha. Mchana, abiria wameshapanda, nikamwona Vitus anagusa taa. Kidole kikarudi na nta laini.

“Fundi, tusukume?” Kija akauliza.

Vitus akakifuta kidole kwenye suruali, akawatazama abiria, kisha ziwa.

“Shusha watu. Nta imeyeyuka, maji yataingia. Kosa ni langu.”

“Mfipa wa mlimani wewe! Ulidhani ziwa letu lina barafu?” Kija akamtania.

Watu wakacheka huku wakishuka. Vitus hakucheka. Njia nzima ya kupanda mlima aliniuliza, “Mzee wangu, nilitaka kunyamaza. Uliniona?”

Nilimwona, ila nikauchukua mkoba wake wa vifaa, nikatangulia.