Mwimbaji Aonje Kwanza

Wimbo ulikatika katikati. Mume wangu, aliyekuwa akiwaongoza wenzake kulima kwa nyimbo, alianguka juu ya tuta, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haushiki tena jembe. Wenzake wakacheka. "Leo pombe imempata mwimbaji!" Mimi sikucheka. Nilijua.

Mwaka huo alikuwa amerudi kutoka Geita, alikokwenda kuchimba dhahabu. Njiani kichwa kilimgonga, pua ikatoka damu, akaingia zahanati ya misheni pale Ushirombo. Mtawa akamfunga mkanda mkononi, akaujaza upepo, akapima. Akamwambia damu yake inasukuma kwa nguvu kupita kiasi, na pombe ya kila siku huizidisha, aiache. Ndiyo hii siku hizi mnaiita presha. Sisemi ni pombe tu, maana baba yake naye alianguka ghafla akafa. Lakini ile miezi miwili alipoiacha pombe, kichwa kilinyamaza. Asubuhi alikuwa ananiita, "Mama watoto, njoo usikie," ananiimbia wimbo mpya kabla majirani hawajausikia. Miezi ile ndiyo ninayoitamani. Mpaka leo nikisikia watu wakilima ng'ambo ya mbuga, nasimama na kuni zangu kichwani, nisikilize kama yupo mmoja anayevuta sauti kama yeye. Hayupo.

Mvua ikaja. Kwetu mwenye shamba huwalipa walimaji kwa mtungi wa pombe, na mwimbaji ndiye huufungua. Asipoonja yeye, hanywi mtu. Nikamwendea mkubwa wa kikundi cha walimaji.

"Shikamoo, shemeji. Naomba aonje mwingine. Huyu wamemkataza kule misheni."

"Marahaba. Huyo mtawa jembe hajashika, mtama ataujulia wapi? Pombe ya mtama ni uji wenye hasira tu, shemeji!"

Watu wakaangua kicheko. Akamgeukia mume wangu: "Au siku hizi mkeo ndiye anakushikia kamba kama ndama?"

Mume wangu akanywa. Kesho yake akanywa tena. Kila shamba mtungi, kila mtungi yeye kwanza, mpaka siku ile.

Aliishi siku nne, hasemi, ananitazama tu. Mkubwa wa kikundi yu hai, anakaa Tinde na wajukuu zake. Msibani alisema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakumcheka mtu. Wewe, mkubwa wa kikundi, ndiye uliyemcheka, nami nilikuwa nimekuambia, ukasikia. Njoo usimame mbele ya wanangu uwajibu: kwa nini ulikataa aonje mwingine?