Unga Mweupe wa Mwangangi

Miaka ya tisini ilipokuwa ikianza, Mwangangi alikuwa mwalimu wa fizikia karibu na Mbumbuni. Dada yake mdogo, Kalondu, alikuwa na kifafa. Vidonge vilimsaidia, ila vilimlegeza kama mtu aliyekesha, na mara nyingi zahanati ilikuwa haina. Akivikosa, alianguka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la moto wa jikoni.

Chuoni Mwangangi alikuwa amesoma jambo ambalo halikumtoka akilini: dawa ikifungwa ndani ya chembe ndogo sana za plastiki, sindano moja huweza kumtunza mgonjwa kwa muda mrefu, maana dawa huvuja polepole mwilini. Basi stoo ya mahindi ikawa maabara yake. Alichukua umeme mkali kutoka kwa televisheni kuukuu ya betri, akauunganisha na sindano iliyojaa plastiki iliyoyeyushwa kwa kemikali, ili umeme uipasue kuwa chembe. Miezi ikapita sindano ikidondosha matone tu, au ikiziba.

Jumamosi moja mama yao, Kavata, alikuwa kanisani. Kalondu akasimama mlangoni na mtungi.

"Kaka, naenda mtoni."

"Ngoja nikusindikize."

"Wewe utamaliza lini? Mama akirudi atataka chai." Akacheka, akaenda zake.

Mwangangi akawasha umeme. Tone lililoning'inia likachongoka, na kwenye ncha yake ukatoka ukungu mwembamba. Matone yalisukumana kwa chaji ya umeme, yakatawanyika, yakakauka hewani. Juu ya kipande cha bati pakatanda unga mweupe, laini kuliko wa ngano.

"Kalondu! Njoo uone!"

Kimya. Ndipo alipokumbuka, akatoka mbio.

Alimkuta amelala kifudifudi penye kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto, kwenye maji yasiyofika hata magotini.

Baada ya mazishi Kavata alimfuata stoo. Aliutazama ule unga bila kuugusa.

"Hii ndiyo ingemponya?"

"Hapana, mwaitu, mama yangu. Hii ni plastiki tupu. Kwenye dawa bado sikuwa nimefika. Na hata ningefika, kazi ya kuijaribu ingechukua miaka."

Kavata akaketi juu ya gunia, akashusha pumzi.

"Afadhali," alisema. "Nilidhani imechelewa siku moja tu."

 Shule zilipofunguliwa Mwangangi alirudi darasani, akafundisha umeme kama kawaida. Sindano hakuishika tena.