Njia Iliyosogezwa Kwenye Matete

Specioza alikuwa afisa mipango miji aliyehamishiwa Bariadi kutoka Bukoba. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kuchora bustani kando ya bwawa dogo, pembezoni mwa mji, ambako korongo-taji wawili walikuwa wakitaga kila masika. Alitaka watu wapate pa kukimbia na kupumzika, na ndege nao walee makinda yao.

Mzee Luhende alikuwa akinywesha ng'ombe hapo, kama baba yake kabla yake. Specioza alimwendea asubuhi moja, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," kisha akamweleza kwamba kwato zilikuwa zikivuruga viota. Mzee alikubali kuhamishia kundi lake kwenye lambo la mbali. Aliomba jambo moja tu: njia ya watu isikaribie matete yenye viota.

Mchoro wa kwanza uliiweka njia hatua mia mbili kutoka majini. Ofisini wakauliza nani atakwenda kukimbia mahali asipoona maji. Specioza angeweza kubisha, lakini naye alitamani watu wawaone korongo kwa karibu. Akaisogeza hadi hatua thelathini, akapanda miti michanga kati ya njia na matete, akajiambia ndege watazoea.

Bustani ilijaa tangu wiki ya kwanza. Manesi walikuja wakitoka zamu, walimu wakaja na familia zao. Watu walimsimamisha sokoni kumpongeza. Masika yalipoingia korongo walirudi, wakataga. Siku chache baadaye Specioza aliona watu wamejipanga njiani wakipiga picha kwa simu, na kiota hakina ndege. Aliingia majini, akagusa mayai. Yalikuwa ya baridi.

Aliomba njia ifungwe miezi ya kutaga. Akajibiwa kwamba watu wameshaizoea. Mwaka uliofuata korongo hawakuja kabisa.

Alikwenda kwa Luhende kumwambia mwenyewe. Lambo lilikuwa limekauka mapema, na ndama watatu walikuwa wamekufa. Mzee alimsikiliza akiwa ameshika lango la zizi.

"Mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "ng'ombe wangu walikuwa wanakunywa, wanaondoka. Watu wako hawaondoki."

"Ni mimi niliyeisogeza njia, baba. Nisiisingizie ofisi."

"Najua," alisema mzee, akaingia zizini. Hakumkaribisha kukaa.

Specioza bado anafanya kazi Bariadi. Wageni wakiuliza nani aliichora bustani ile nzuri, hujibu kwamba ni yeye, kisha huanza mazungumzo mengine.