Mashini Yetu Ijibu Yenyewe

Ofisi yetu ya parokia huandika ushuhuda wa wajane waliokimbia kutoka Rutshuru. Mmoja alinitajia mtu aliyemnyang'anya shamba, kisha akaniuliza: "Papa, nani mwingine atasoma?" Nikamjibu upesi: hakuna.

Maandishi yalikaa katika seriva, yaani kompyuta kubwa, ya kampuni moja hapa Goma. Ndani ya mashini hiyo kubwa walitengeneza mashini ndogo nyingi, za programu tu, wakazipangisha. Moja ilikuwa yetu. Baadaye nikasikia kwamba mpwa wa mtu yule aliyetajwa ameajiriwa katika kampuni hiyo hiyo. Nikaenda kumwona mkurugenzi.

Alinipa soda baridi na karatasi yenye picha ya kufuli la dhahabu.

"Muzee, prosesa yetu, ule ubongo wa mashini, inafunga memwari yote, pale maandishi yanaposhikwa. Hata shetani hawezi kusoma."

Shetani ninamfahamu kidogo, kwa kazi yangu. Siye niliyemwogopa siku ile.

"Na mashini yetu ndogo, inalijua hilo kufuli?"

"Haina haja, muzee. Sisi tunajua kwa niaba yake."

Nimefundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, miaka mingi. Mtoto mchanga hujibiwa na wasimamizi. Mtu mzima hujibu mwenyewe mbele ya padri, hata akiwa na kigugumizi. Nikaomba mashini yetu iulizwe. Mkurugenzi alicheka mpaka soda ikamtoka puani. Fundi wao, mama mmoja mpole, hakucheka. Aliingia katika mashini yetu, akaandika swali.

"Inasema haioni kufuli lolote, papa."

"Basi liko wapi?"

"Liko kwa ile kubwa. Linazuia mwizi wa kuchomoa memwari. Lakini sisi wenye nyumba tunaweza kusoma yenu. Prosesa inaweza kumupa kila mpangaji ufunguo wake, ila ninyi hatukuwapa wenu."

Mkurugenzi akaanza kuikunja karatasi yake, pole pole, akianzia kwenye kufuli. Namshukuru Mungu aliyenijalia uvumilivu; kama angeniongezea na nguvu za mikono, ningerudi nyumbani na dhambi.

Fundi akaizima mashini yetu, akabadilisha mpangilio, akaiwasha, akauliza tena. Safari hii ilijibu kwamba memwari yake imefungwa.

"Na kabla ya leo?" nikauliza. "Kuna aliyesoma?"

"Sijui, papa."

Nikamwendea yule mjane, nikamweleza yote, pamoja na ile "hakuna" niliyoitoa bila kujua. Alinisikiliza mpaka mwisho akichambua maharagwe.

"Ulijibu mbio sana siku ile, papa. Ndiyo maana nilikuambia habari ya shamba tu." Akasukuma ungo pembeni. "Leta karatasi. Sasa nitakuambia habari ya marehemu bwana yangu."