Mto Uliokauka Mvuani

Hapa ughaibuni, Okolona, mafundi wa mabomba wamechimbua uwanja wa jirani, na harufu ya udongo mbichi wenye mizizi iliyokatika imeingia jikoni. Nimefunga dirisha, kisha nikarudi kulijaribu tena kama limefungika. Harufu hiyo naijua tangu utotoni.

Kule kwetu milimani, Kivu, siku moja mvua ilinyesha kutwa nzima, lakini mto uliopita chini ya nyumba ukapungua ghafla. Samaki wakabaki wakirukaruka kwenye matope. Sisi watoto tukaona Mungu ametufungulia soko la bure, tukashuka na beseni.

Mama akatoka mbio. "Mvua inanyesha na mto inakauka? Maji iko wapi? Udongo imeifunga kule juu! Mupande mulima!"

"Mama, moja tu, ile mukubwa!" nikamsihi, nikionyesha samaki.

"Hata moja! Musifuate mto, mupite kando!"

Niliacha beseni. Tulipanda kwa mikono na magoti, ardhi ikitetemeka hadi kwenye meno yangu. Nyuma yetu tope lilishuka likinguruma, limebeba miti ikiwa bado imesimama, likazoa kila kitu pale tulipokuwa.

Huko juu Mama alituhesabu kwa kutugusa vichwa. Alipomaliza akaanza upya, ingawa tulikuwa tumetimia.