Amri za Sifuri

Uoga gani? Sahibu yangu hakuwa mwoga! Tulijifundisha wenyewe kuandika programu za kompyuta pale gatini Mbaraki, miaka ya sitini ikiishia, za kujumlisha uzito wa shehena. Kitabu cha lugha ya mashine hakikusema mashine ikisoma kadi isiyotobolewa matundu ya uzito itakuwaje. Yeye akagundua kuwa mashine hubeba uzito wa kadi iliyotangulia. Basi akatia amri ya kurudisha sifuri kabla ya kila kadi.

“Wajaza mashine amri za bure,” mkubwa wetu wa kazi akamfokea. “Zifute, au utoke!”

“Bwana, hata muuza kahawa husuuza kikombe kabla ya kumpa mwingine,” sahibu akajibu.

“Akitoka huyu, nami natoka!” nikaruka.

Mwenzangu akazifuta, akaendesha kazi mbele ya mkubwa. Kifurushi cha barua, ambacho kadi yake haikutobolewa uzito, kikatoka kizito kama shehena ya mchele iliyokitangulia.

Wewe ungemfukuza?